Hisa zangu nikifa zinaenda kwa nani?

SWALI: Kamwene dada. Nipo Mafinga, nina miaka 61, tuna kampuni ya mbao mimi na mdogo wangu, tuliisajili BRELA zamani, mimi nina hisa 60 yeye 40. Nina mke mmoja na watoto wanne. Wa kwanza ni wa kiume, yupo Dar na mbao wala hana habari nazo, ila binti yangu wa tatu ndo anaendesha kila kitu, anajua wateja, anajua bei za nguzo na milunda, hata mafundi wa msumeno wanamsikiliza. Nimeandika kwenye daftari nikifa hisa zangu apewe yeye. Mdogo wangu kaona, anasema daftari si chochote, kimila anakamata kaka mkubwa, na yeye kama mwenzangu kwenye kampuni ana haki ya kukataa. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene baba, na hongera kwa kuuliza ukiwa mzima, maana barua nyingi napata watu wakishatoka makaburini na ugomvi umeshawaka.

Nianze na hili maana misiba mingi huku kwetu inavurugikia hapo. Fuso, mashine, yadi, hela zilizopo benki kwa jina la kampuni, hivyo ni vya kampuni, si vyako, hata kama ulivitolea jasho. Chako ni hisa 60. Siku ukiondoka hakuna shangazi wala baba mdogo mwenye ruhusa ya kuingia yadi kuchukua Fuso eti la marehemu, kinachorithiwa ni hisa, basi. Na ukurugenzi haurithiwi, binti akishapata hisa bado inabidi ateuliwe, na sahihi za benki zibadilishwe, kwa hiyo kama hadi leo anaendesha kiwanda bila kuwa mkurugenzi, mteueni sasa hivi.

Daftari. Hapo mdogo wako kasema kweli nusu. Kwa sheria ya mila ya mwaka 1963 wosia wa maandishi unatakiwa uwe na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na mke wako kama yupo nyumbani awepo pia. Andika kwa wino, weka tarehe, weka sahihi, na mashahidi nao wasaini. Kama ukoo wenu umeshaachana na mila na mnataka kufuata sheria ya serikali, hapo pia mashahidi ni wawili, na hakikisha hakuna shahidi anayerithi chochote, kwa hiyo huyo binti asisaini kabisa. Msomaji Mwislamu ajue kwamba wosia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi hausiwi bila wenzake kuridhia.

Nusu ya pili ndo inaniuma. Ni kweli sheria hiyo hiyo ya 1963 inamweka mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza na mabinti daraja la tatu, lakini huo ni mgao wa mtu aliyekufa bila wosia. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliikosoa Tanzania kwa sheria hii baada ya wajane wawili kulalamika, na mimi naona ilikosoa kwa haki kabisa, mtoto aliyeamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Mafinga kupakia mbao hawezi kuwekwa nyuma kwa sababu tu ni wa kike. Wewe una wosia, utumie. Ila usimwache kaka mtu mikono mitupu, maana kumnyima mrithi kimila kunataka sababu nzito zilizotajwa waziwazi, na "hajali mbao" haitatosha. Mpe shamba la miti, au nyumba, na mama yao mtaje kwa jina na anachopata.

Sasa hili la "nitakataa". Toa katiba ya kampuni kabatini, yaani zile kanuni zake mlizosajili, muisome. Kampuni binafsi inabana uhamishaji wa hisa, na katiba nyingi zinampa mwanahisa aliyebaki nafasi ya kununua kwanza, au zinawaruhusu wakurugenzi kukataa kumwandikisha mtu mpya. Kama yenu ni hivyo basi wosia mzuri namna gani utakwama mlangoni. Kubadilisha katiba kunataka robo tatu ya kura, wewe una 60 kwa 100, peke yako hufiki, kwa hiyo baba huna njia zaidi ya kukaa na mdogo wako mezani. Mwambie na yeye ana watoto, kipengele kitakachomlinda binti yako ndo kitawalinda na wa kwake. Katiba ikiruhusu, unaweza pia kumhamishia binti hisa 10 sasa hivi, ukabaki na 50, mkipiga kura pamoja bado ni 60, ila uliza TRA kwanza habari za kodi.

Kwenye wosia taja na msimamizi wa mirathi. Huyo mahakama ikishamthibitisha ndo anazipeleka hisa kwa binti na BRELA wakabadilisha kumbukumbu, na ieleweke kwamba msimamizi siyo mrithi, anabeba tu. Wosia usiuweke chini ya godoro, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza wosia.

SWALI: Dada, mama yetu kafariki hapa Mwanjelwa, kwenye sanduku lake tumekuta karatasi za hisa za benki alizonunua 2009. Tupo watatu, tunaweza kwenda kuziuza tugawane?

JIBU: Poleni sana. Bado. Hisa za soko la Dar es Salaam ziko kwa jina la mama mpaka mahakama iteue msimamizi, kwa hiyo kaeni kikao cha ukoo, chukueni muhtasari na cheti cha kifo, fungueni mirathi. Barua ya usimamizi ikitoka nendeni nayo kwa dalali wa hisa pamoja na hizo karatasi, kila mmoja afunguliwe akaunti yake ahamishiwe fungu lake, anayetaka kuuza auze la kwake. Na ulizieni gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, miaka yote hiyo inawezekana kuna hela ya mama haijachukuliwa.