Ndevu za Pamba Jukwaani

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika chuo chetu cha Kikatoliki cha wasichana, Sista msimamizi amekataa tusivae suruali wala kubandika ndevu tunapoigiza wanaume. Tufanyeje? – Mwanafunzi, Mukono.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pasipo wavulana, nafasi za wanaume hamna budi kuzicheza ninyi, kama vile katika Uingereza ya Shakespeare wavulana walivyocheza wanawake. Ndevu za pamba, kusema kweli, huchekesha hata penye msiba. Kanzu ya Kiganda yenye koti juu yake, pamoja na mkongojo, mwendo mzito na sauti ya chini, humtosha mzee yeyote, wala Sista hatakwazika. Mpelekeeni mswada mzima kabla ya mazoezi, mkamkaribishe ayatazame.