Baba alikufa kwa saratani ya ini: je, na mimi nimeirithi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, nina miaka 34. Nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Baba yetu alifariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 47, baba mdogo naye ikamchukua hiyohiyo. Wengine wanasema ni ugonjwa wa ukoo, wengine tumerogwa. Binamu yangu aliye Marekani anataka nikapime vinasaba. Nifanyeje? (Fundi, Keko)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa misiba. Habari ya kurogwa tuiache.

Mwenye homa ya ini B ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani ya ini, hatari yake kweli ni kubwa zaidi. Ila ukoo haurithishi vinasaba peke yake. Kirusi cha homa ya ini B hupita toka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa, au kwa watoto wanaokua nyumba moja, na anayekipata mchanga kwa kawaida hukaa nacho maisha yote. Humo ndani hujipachika kwenye vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana saratani yake huweza kuja hata kabla ini halijajaa makovu.

Halafu mmekula chungu kimoja. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu hiyo huharibu jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisigeuke saratani, na ikikutana na homa ya ini B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kupika hakuiondoi. Karanga iliyokunjamana au yenye ukungu itupe, usimwagie kuku.

Zipo pia jeni za kurithi zenye mchango wao. Mojawapo, PNPLA3, ina badiliko linalofanya mafuta yajae kwenye ini. Madhara yake yameonekana zaidi kwa wanywaji wa pombe, wenye ini la mafuta na wenye homa ya ini C. Kwako wewe jibu la kipimo hicho lisingebadilisha ninachokuambia: pombe acha, kitambi punguza. Hela ya binamu iende kwenye ultrasaundi.

Nenda kliniki ya ini, na habari ya baba itaje wewe mwenyewe, usingoje kuulizwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unahesabu saratani ya ini katika familia kuwa sababu ya kuanza dawa. Watakupima wingi wa virusi, hali ya ini na VVU. Ukianzishiwa tenofovir, dawa ya kukandamiza kirusi, ni kidonge kimoja kila siku. Hupunguza hatari, haiifuti, kwa hiyo ultrasaundi iwe kila miezi sita hata ukijisikia mzima. Na zile chupa za "kusafisha ini" zinazotembezwa mitaani, tafadhali, zisiingie kwako. Nimeona maini yaliyoharibiwa nazo.

Mama, mkeo, watoto na ndugu zako wote wapime. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe, mtu mzima dozi tatu. Dada yako akikutwa na kirusi, akishika mimba aseme kliniki mapema, kwa sababu mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.