Kazi za kunakili sauti zinakwisha, na kazi mpya zilipe inavyostahili

Mkuu, umeuliza kama akili mnemba itatuacha watu wa kawaida bila riziki, na kama mdogo wako aliyeko Nairobi aendelee na kazi za kunakili sauti mtandaoni, yaani kusikiliza sauti na kuiandika. Hizo za kunakili sauti aanze kuzitafutia mbadala sasa hivi. Zamani mtu alivaa spika za masikioni akarudia sentensi moja mara tatu kwa sababu mzungumzaji anameza maneno. Leo programu inatoa maandishi yote kwa dakika chache, binadamu anaitwa kusahihisha tu, tena kwa malipo ya chini.

Fundi bomba, kuli na mama ntilie hawaguswi moja kwa moja. Ila wateja wa mama ntilie ni akina nani? Karani wa ofisini akikosa mshahara, na sahani ya wali maharage inalala.

Kinachoniuma zaidi ni kazi mpya zenyewe. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi waliopewa kazi ya kusoma maandishi ya ukatili wa kutisha, ili programu ya akili mnemba ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi ipo, lakini mtu atalipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto kwa pesa hiyo? Hapo ndipo serikali na vyama vya wafanyakazi vinapaswa kubanwa.

Mdogo wako kama lugha zimemkaa vizuri, ajaribu ukalimani wa ana kwa ana, mikutanoni na hospitalini. Huko bado anatafutwa mtu.