Hotuba kubwa, video dhaifu: ipewe nyota?

SWALI: Tunajitolea kwenye hifadhi ya video mtandaoni. Tumeletewa kipande cha dakika tatu cha Mwalimu Nyerere akitangaza vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978. Wengi wanataka kiwekwe kwenye "video teule", yaani kipewe alama ya nyota. Wengine wanasema picha ni mbovu mno, na mmoja anahofia tutaonekana tunapigia debe chama. Tuamueje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, huyo mwenye hofu ya chama mtulizeni kwa kanuni moja: hotuba ya mwanasiasa yeyote isijadiliwe mpaka ipite miaka kadhaa. Maktaba ya Bunge la Marekani, inayoteua filamu 25 kila mwaka za kuhifadhiwa kitaifa, haipokei filamu isiyofikisha miaka 10. Joto la kampeni linakuwa limeshapoa.

Ubishi wa wengine ni mgumu zaidi, kwa sababu mnaipigia kura hotuba wakati kilicho mezani ni faili. "Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo" haihitaji nyota yenu. Watu wanaijua kwa moyo. Swali ni kama nakala hii ndiyo ya kumwonyesha mtu atakayeuliza siku ile ilikuwaje.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Kwa hiyo picha halisi ya tukio hilo ilitarajiwa kutoka kwenye kamera ya filamu, na sauti iliyosambaa zaidi ni ya redio. Ndipo hatari ilipo: ni rahisi mno kwa mtu kuchukua sauti ya redio akaibandika juu ya picha za Mwalimu za siku nyingine. Mtafuteni anapotamka "kumpiga", mpunguze kasi, mtazame midomo. Hakuna binadamu anayetamka "mp" mdomo ukiwa wazi. Ikiachama hapo, na ikarudia kuachama, faili hilo si kumbukumbu ya hotuba, hata likiwa linang'aa kama kioo.

Midomo ikilingana, sikilizeni sauti yenyewe. Filamu iliyopigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde ikichezwa kwa 25, dakika 10 zinakuwa 9 na sekunde 36, na sauti inapanda kidogo. Ilinganisheni na rekodi ya redio. Kisha angalieni viungo. Mkanda wa milimita 16 wenye futi 400 hukimbia kama dakika 11 tu, hivyo mwenye kamera moja lazima apoteze picha akibadilisha mkanda. Wahariri huziba pengo hilo kwa picha za wasikilizaji. Mkimwona mzee yuleyule akipiga makofi yaleyale mara mbili, mmeuona mshono. Si kosa, ila uandikwe kwenye maelezo ya faili.

Mikwaruzo na vumbi mimi siviondolei alama. Ni umri wa filamu. Naondoa kwa nembo ya chaneli kwenye kona, na naondoa zaidi picha ya 4:3 (umbo la televisheni za zamani) inapokatwa iwe 16:9 (umbo pana la sasa), maana robo nzima ya kimo imepotea. Na video iliyolainishwa au kutiwa rangi kwa akili mnemba isipewe nyota kabisa. Ngozi inakuwa ya plastiki, na nyuso za umati nyuma yake zinakuwa za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Halafu hakimiliki. Watu hudhani hotuba ya hadharani ni mali ya umma. Martin Luther King alihutubia mbele ya maelfu ya watu Washington tarehe 28 Agosti 1963, lakini mwaka 1999 mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa hoja ya kampuni ya televisheni ya CBS kwamba kusemwa hadharani tu kulitosha kuifanya hotuba hiyo kuwa ya umma. Kwa Nyerere mna maswali mawili tofauti: nani anamiliki picha, na nani anamiliki sauti. Aliyewapa faili kutoka simu yake hawezi kuwajibia lolote kati ya hayo.

Kwa kipande chenu, kwa sasa ningepiga kura ya hapana. Kiacheni hifadhini, mwandike kwamba ni sehemu tu ya hotuba, kisha mumuulize aliyeleta alikipata wapi, na huyo wa awali naye alikipata wapi. Mkifika kwa mwenye mkanda wenyewe, ombeni skani ya fremu nzima, mwandike manukuu ya kila neno, halafu pigeni kura upya.