Nani yuko shuleni saa nne asubuhi?

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Ukiingia shule ya msingi ya umma kwa mara ya kwanza, utaangalia nini ujue kama ni nzuri?" Wengi watakimbilia matokeo ya mtihani yaliyobandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mimi huyapita. Yananiambia darasa la mwisho lilifanya nini, na mwanangu yuko la pili.

Mimi naangalia nani yuko ndani saa nne asubuhi, ukiacha walimu na wanafunzi.

Shule nyingi humwita mzazi kwa mambo mawili: mtoto kakosa, au kuna mchango. Mtoto wangu wa kwanza alisoma shule ya namna hiyo. Nilikuwa nikiona namba ya shule kwenye simu, moyo unapiga paa! Kikao cha wazazi kilikuwa kusomewa taarifa, maswali mawili, mengineyo, tukatawanyika. Miaka yote ile sikujua hata anakaa dawati lipi.

Huyu mdogo yuko kwingine. Mwalimu wake aliomba wazazi, na babu na bibi pia, waje kwa zamu kuwasikiliza watoto wakisoma, nusu saa tu. Maelekezo yalikuwa karatasi moja. Mtoto asome, wewe ufuate kwa macho. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Mwisho, andika neno lililomkwamisha. Hiyo tano ni ndefu, nawaambia! Siku ya kwanza nilishindwa kufika tatu, nikamtajia mtoto wa watu "ng'ang'ania" wakati midomo yake ilishaanza kulitafuta. Akanitazama kama niliyemnyang'anya kitu.

Karatasi zile hazitupwi. Mwalimu anazipitia na kesho yake anajua aanzie wapi: hawa wanachanganya "ng" na "ng'", wale bado "mbw" inawapiga chenga. Peke yake, na darasa lililojaa, angewasikiliza wote lini?

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985 hadi 1989, uitwao STAR. Watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walisonga mbele kwa kusoma na hesabu. Hilo hutajwa sana. Lisilotajwa sana ni kundi la tatu, darasa kubwa lililoongezewa msaidizi wa mwalimu. Hao hawakutofautiana sana na darasa kubwa la kawaida. Kwa hiyo msinielewe vibaya, kujaza watu wazima darasani si dawa. Ndiyo maana naipenda ile karatasi, maana inampa mgeni kazi moja inayojulikana, na matunda yake yanamfikia mwalimu.

Najua wapo watakaosema huku ni kumtwisha mzazi mzigo wa serikali. Madarasa madogo ni wajibu wake kweli, na tuendelee kuyadai. Ila mtoto wa darasa la pili atakuwa la tano bajeti ikifika. Linalonikera zaidi ni kwamba saa nne asubuhi wengi wako kazini, na zamu zinaishia kwa wale wale. Hapo shule yetu bado haijapata jibu.

Lakini yupo bibi mmoja asiyejua kusoma, na yeye huja bila kukosa. Alipojitokeza mara ya kwanza nilidhani mwalimu atamshukuru na kumrudisha nyumbani. Akampa kiti. Watoto wanamsomea, neno gumu wanaliandika wenyewe, na yeye anauliza maswali. Tofauti na sisi, haulizi kwa kupima, maana hadithi hana pengine pa kuipata. Wiki iliyopita mvulana mmoja aliisoma yake mbio mbio, akafunga kitabu.

"Na yule sungura aliyebaki kisimani?" bibi akauliza.

Mtoto akakaa kimya. Kisha akakifungua tena kitabu, akarudi kurasa tatu nyuma, kidole chini ya mstari, akaanza upya polepole.