Maswali ya Wasomaji: Beast ni Mzimbabwe au Msauzi?

SWALI: Mhariri habari za kazi, huku kijiweni tunabishana kuhusu Tendai Mtawarira, yule Beast wa raga aliyekuwa anasukuma skramu (pale timu mbili zinapofungamana mabega na kusukumana) ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini. Mwenzangu anasema ni Mzimbabwe kabisa, mi namwambia haiwezekani, utabebaje kombe la dunia na nchi ambayo sio yako? Tuamulie.

JIBU: Mwenzako yuko sahihi na wewe hujapotea sana, kwahiyo kama mliwekeana soda mnunuliane tu yaishe. Beast kazaliwa Harare mwaka 1985, raga kaijulia shuleni hukohuko Zimbabwe, na hilo jina la Beast kaenda nalo Sauzi, hakubatizwa na wale mashabiki waliokuwa wanalinguruma uwanja mzima kila akigusa mpira. Alienda Durban bado kijana akaingia Sharks, na wakati huo alikuwa anacheza safu ya nyuma ya skramu, flanka na namba 8, mpaka kocha Dick Muir alipomwambia asogee mbele awe propu, yani msukumaji wa mstari wa mbele.

Hapa watu huwa wanaparuka lakini mi naona kuhama huku ndo kulikuwa kugumu kuliko kuvuka mpaka. Propu ni kazi ya shingo na mgongo, mbele yako kuna jitu la kilo mia na ushee, nyuma yako wenzako wanakusukuma, ukikosea pembe kidogo tu unanyanyuliwa juu dunia nzima inakuona, sasa we umetoka kukimbiakimbia na mpira unaambiwa ukashindane na watu waliofanya kazi hiyo toka wadogo. Na bado mwaka 2008 akaitwa Springboks, mechi ya kwanza na Wales. Mwaka uliofuata wakaja Lions, ile timu ya mseto ya Uingereza na Ireland, na kwenye mechi ya kwanza pale Durban alimtesa propu wao Phil Vickery mpaka basi, yani Vickery huyohuyo aliyebeba kombe la dunia na England mwaka 2003. Beast ndo akatoka mchezaji bora wa mechi.

Sasa swali lako la nchi. Raga haiangalii paspoti. Inaangalia umezaliwa wapi, au mzazi au babu na bibi yako wamezaliwa wapi, au umeishi kwenye nchi muda gani, na enzi hizo miaka 3 mfululizo ilikuwa inatosha (siku hizi ni 5). Kwahiyo kwa kanuni za raga Beast alikuwa halali kabisa, ila serikali ya Afrika Kusini nayo ina mambo yake, mwaka 2010 wakaja juu kwamba anayevaa jezi ya Springboks lazima awe raia. Ikawa kelele, mtu ameshawapigania mechi za kutosha ndo mnakumbuka kumuuliza makaratasi! Uraia akaupata mwaka huohuo akaendelea, mpaka akafikisha mechi 117, na ya mwisho ndo ile fainali ya kombe la dunia la 2019 kule Yokohama, Japani, walipowapiga England 32-12. Ile skramu kama hukuiona itafute, propu wa England Dan Cole aliingia mapema kwa sababu mwenzake Kyle Sinckler aliumia, na Beast hakumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kwahiyo Mzimbabwe kwa kuzaliwa, Msauzi kwa uraia na kwa jezi. Mnaweza kuendelea kubishana.

SWALI: Mbona siku hizi mtu aliyevaa jezi ya All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, unamkuta timu ya Tonga? Imekuwa kama usajili wa klabu?

JIBU: Hapana, klabu unahama hata kila mwaka na nchi yako inabaki ileile. Timu ya taifa zamani ukishacheza moja ndo imetoka, labda upitie kimlango cha raga ya wachezaji 7 ya Olimpiki. Kuanzia Januari 2022 World Rugby, wanaosimamia raga duniani, wameruhusu kubadili, mara 1 tu maishani, na lazima ukae miezi 36 bila kuichezea ile ya kwanza, na ile unayoenda iwe umezaliwa huko au mzazi, babu au bibi yako kazaliwa huko. Kuishi tu huko hakukusaidii kubadili. Malakai Fekitoa ni mzaliwa wa Tonga, akacheza mechi 24 na New Zealand, halafu kombe la dunia la 2023 akaenda na Tonga. George Moala yeye All Blacks walimpa mechi 4 tu, zamani hizo 4 zingemfungia mlango wa Tonga jumla, na mi hapo ndo naipenda hii kanuni. Ingawa sio visiwa vya Pasifiki kama Tonga peke yake vinavyofaidi, Jack Dempsey kombe la 2019 alikuwa na Australia, la 2023 akawa na Scotland kupitia babu yake.

SWALI: Kwahiyo na Beast angeweza kurudi kuichezea Zimbabwe?

JIBU: Kwa makaratasi ndio, kuanzia Novemba 2022 miezi 36 ilikuwa imetimia na ni mzaliwa wa huko. Ila alikuwa ameshastaafu, na propu wa miaka 37 sio wa kumsumbua. Zimbabwe wenyewe wamejitahidi bila yeye, Julai 2025 waliwapiga Namibia 30-28 pale Kampala wakakata tiketi ya kombe la dunia la 2027 kule Australia, mara ya kwanza toka 1991. Na kwenye miaka ya Beast hilo halikuwepo, kijana wa Harare akitaka kombe la dunia ilibidi aangalie jezi ya mtu mwingine.