Mleta mada, hiyo sukari irudishe kwenye kopo

Dada wa Mafinga, usiwashe jiko kwanza. Uzi wako nimeusoma wote. Jumamosi unapokea wageni, baridi imekaza, unataka kitu kitamu cha matunda kiliwe cha moto baada ya chakula, oveni huna, una jiko la mkaa na jiko dogo la gesi. Umeuliza tunda lipi, watu ishirini watatosheka na kiasi gani, kastadi inafaa au haifai, na kama unaweza kupika asubuhi ukapasha jioni. Halafu chini kabisa ukabandika yale maelekezo uliyotumiwa: yeyusha sukari kavu kwenye sufuria mpaka iwe kahawia, mwagia peasi, moto mkali dakika 10, tayari. Hapo roho ilinipasuka, maana maelekezo hayo nayajua neno kwa neno. Niliyalipia.

Mimi niko Njombe. Kuna mama mmoja alikuwa anafundisha mapishi kwa simu, unatuma ada, unaingizwa kundini, unatumiwa maelekezo na picha. Yeye yuko Dar. Tulikuwa tunapokea washenga wa mdogo wangu, mwezi wa tatu, mvua na ukungu tangu asubuhi, nikasema wazee hawa wakimaliza kula tuwape peasi za moto. Shangazi alishatuletea kutoka Uwemba, zile za kijani, ngumu, zinazochumwa kabla hazijalainika. Sufuria kubwa niliazima kwa jirani.

Sukari iliyeyuka vizuri tu. Rangi nzuri, harufu imejaa jiko zima. Binti wa kaka yangu, wakati ule yuko darasa la sita, ndiye aliyeshika beseni la peasi nilizomenya na kuziosha. Nikamwambia mwaga. Akamwaga.

Sasa nisikilize hapa. Sukari ikishayeyuka na kuwa kahawia, joto lake limepita nyuzi 160 za Selsiasi. Peasi zile zilikuwa zinachuruzika maji. Maji yakitua kwenye sukari ya namna hiyo yanageuka mvuke papo hapo, na ule mvuke unaitupa sukari juu. Iliruka ikamshika mtoto kwenye kifundo cha mkono. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka, yanapoa. Sukari inanata pale ilipotua na inaendelea kuunguza ikiwa imeing'ang'ania ngozi, ukiifuta inatoka na ngozi. Mmoja anakimbilia dawa ya meno, mwingine anauliza asali iko wapi, mtoto analia, washenga wako sebuleni wanasikia kila kitu. Aliyetusaidia ni yule jirani mwenye sufuria. Alimvuta mtoto mpaka bombani, akauweka mkono chini ya maji yanayotiririka na kuushikilia pale dakika 20, hakusikiliza kelele za mtu, ndipo akapelekwa zahanati. Dawa ya meno hakuruhusu iguse. Kovu lipo mpaka leo, jembamba, linang'aa, linaanzia chini ya kidole gumba. Mtoto ameshakuwa msichana mkubwa, akipigwa picha anauficha mkono.

Kwa hiyo mnaosema humu "mbona wengi wanapika hivyo na hawaungui", sawa, pikeni. Mimi siwezi kumwona mtu anaandika kwamba wanawe watamsaidia jikoni Jumamosi, na maelekezo ni yale yale, nikampita kimya.

Na chakula chenyewe hakikupatikana. Niliporudi jikoni sukari ilikuwa imeganda chini ya sufuria, imevibana vipande vya peasi, mwiko hauingii. Nikampigia yule mama. Akaniambia ongeza moto itaachia. Iliachia kweli, ikawa rojo zito, peasi zimepata rangi nje ila ndani ngumu kama viazi vibichi. Nikampigia tena. Akaniambia ongeza sukari, zitalainika. Nikaongeza. Baada ya hapo rojo likashika chini, likaanza kutoa moshi, nikakwangua kwa mwiko, na ule uchungu wa sukari iliyoungua ukasambaa sufuria nzima. Sado mbili za peasi zikaenda kwa nguruwe wa jirani, na sufuria yake nikamlipa.

Yule mama nilipomtumia picha alinijibu kwamba peasi zangu ndizo mbovu. Peasi za Njombe ni mbovu! Mtu hajawahi kuishika peasi ya huku mkononi, hajui kwamba tunda hili linachumwa gumu na linaivia ndani ya nyumba, anachukua ada za watu na kuwafundisha kurusha sukari ya moto. Hakurudisha hata salamu baada ya hapo, akanitoa kundini. Nilichokuja kukielewa baadaye, kwa kuuliza watu wanaopika jamu na kwa kupika mwenyewe, ndicho hiki, na yeye alitakiwa akijue kabla ya kuchukua hela ya mtu.

Tunda linalainika pale ile gundi iliyoshikanisha nyama yake, pektini, inapoachia kwa joto na maji. Sukari inafanya kinyume. Inavuta maji kutoka ndani ya tunda, na inaikaza ile gundi isiachie. Ukiitanguliza, peasi ngumu inabaki ngumu. Wewe unasubiri ilainike, huku maji ya sufuria yanapungua, rojo linakuwa zito, na rojo zito linashika chini na kuungua. Ndiyo maana kuongeza sukari ili tunda lilainike ni kuongeza tatizo lenyewe. Ndimu nayo inakaza vilevile, iweke kando mpaka mwisho.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo mtu wa pwani halijui. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Mafinga hamko mbali na hapo. Kila ukipanda kama mita 300 maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Dar yanachemka kwa 100, huku kwetu kwa 93 au 94. Unayaona yanatokota, yanarusha mfuniko, ila hayana joto lile la pwani. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva, na ndiyo maana dakika 10 za mtu wa Dar huku hazitoshi kwa peasi ngumu. Kukoleza moto hakusaidii, maji yanachemka kwa fujo zaidi ila joto ni lile lile. Kinachosaidia ni muda, na mfuniko.

Sasa pika hivi. Peasi kubwa 6, menya, kata mara nne, toa mbegu na ile sehemu ya katikati yenye chembechembe. Zitie kwenye sufuria nene, chini pana, vipande vilale visipandane sana. Maji kikombe kimoja cha chai. Kijiti cha mdalasini, tangawizi vipande vitatu vyembamba, hiliki ukipenda. Hivyo havina madhara vikianza mapema, na harufu inaingia ndani ya tunda. Funika. Yakichemka punguza moto mpaka uone yanatokota taratibu pembeni tu. Acha. Peasi iliyoanza kulainika itachukua dakika 15 au 20, ile ngumu nusu saa na zaidi. Maji yakielekea kukauka ongeza kidogo, ya moto.

Chukua kisu chembamba, choma kipande kinene kuliko vyote. Kisu kiingie na kutoka bila kipande kuinuka nacho. Kikinyanyuka na kisu, funika, subiri. Hapa ndipo watu wanakosa uvumilivu na kuanza kutia sukari "ipate kuingia". Isubiri. Kisu kikishapita, ndipo sukari: vijiko 4 vya chakula, nyunyiza juu, pamoja na siagi kijiko kimoja. Toa mfuniko. Usikoroge kwa mwiko, shika sufuria kwa kitambaa uizungushe. Ndani ya dakika chache maji yale yanakuwa mchuzi mwepesi unaong'aa, unashika mgongo wa kijiko. Epua. Kamua ndimu kidogo, onja. Rangi utaipata ya dhahabu, ile kahawia ya picha hutaipata, na hakuna mgeni atakayekuuliza.

Mtaalamu mmoja humu juu kaandika kwamba sukari ikiwekwa mapema tunda halivurugiki. Ni kweli, na kwa pichi au plamu zilizoiva sana nami naweka mapema, maana zile kazi yake ni kuzizuia zisiwe uji. Ila zile unazitia na maji yake, sukari inayeyukia kwenye maji, hakuna mahali nimesema uyeyushe sukari kavu. Na wewe umesema sokoni kwenu peasi ndizo utakazopata, tena umesema ni ngumu. Kwa hiyo kwako ni tunda kwanza, sukari mwisho.

Kama una siku mbili mbele yako, zifunge peasi kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja mbili, weka jikoni kwenye joto kidogo. Ndizi inayoiva inatoa hewa inayoivisha na wenzake. Bonyeza karibu na kikonyo, pakibonyea kidogo iko tayari. Usisubiri ilainike tumboni, peasi inaivia kuanzia ndani, tumbo likibonyea ujue katikati imeshaharibika.

Kuhusu jiko, la mkaa tumia bila wasiwasi, tena mimi nalipenda kuliko la gesi kwa kazi hii, ilimradi uliache lishike kabisa kwanza, upunguze makaa, halafu ufunike yaliyobaki kwa majivu. Moto wa majivu unakwenda taratibu na haukurukii. Sufuria nyembamba ya bati usitumie. Kama huna nene, weka juu ya frampeni kuukuu, yaani frampeni ikae kwenye makaa na sufuria ikae juu yake. Kwa watu ishirini tumia sufuria mbili, usilundike zote kwenye moja, za chini zitavurugika za juu hazijaiva.

Na watoto wakae mbali unapotia sukari, hata kwa njia hii yangu. Mchuzi wa sukari ni wa moto kuliko maji hata kama hautoi mvuke. Bakuli liwe mezani, sufuria ifuate bakuli, wala mtoto asisimame na bakuli karibu na jiko.

Leo ukifika sokoni bonyeza hizo peasi pale kwenye kikonyo, kisha urudi hapa uandike zikoje, ngumu kabisa au zimeanza kuachia, nikuambie uzianze saa ngapi. Na hayo maelekezo uliyotumiwa, kama aliyekutumia yumo humu, mwambie ayafute, kuna mwingine atayachukua.